Nyumba ya Mwisho Kabla ya Msitu

Wenzangu wa Dar es Salaam wakisikia kwamba nafanya kazi ya ugani, ya kuwashauri wakulima, milimani Usambara, na kwamba siku nyingi natembea kwa miguu kitongoji hadi kitongoji, huniuliza swali lile lile: "Na huogopi?" Wao wanawaza msitu. Wanawaza njia nyembamba, ukungu wa asubuhi, mtu anachomoka kichakani. Kinachonichekesha ni kwamba wanaoniuliza ni watu wanaobana mikoba kwapani kila wakishuka kwenye daladala, na hiyo hawaihesabu kuwa hofu kwa sababu wameizoea.

Naogopa, ndiyo. Ila siogopi pale wanapodhani.

Ukitoka Mombo, barabara inapanda kwa makona kupitia Soni hadi Lushoto, kama kilomita 33. Kutoka hapo zinatawanyika njia za miguu zilizokuwepo kabla ya barabara yoyote. Usambara ina watu wengi. Nyumba zimekaa migongoni mwa vilima, mashamba yameshuka mabondeni: mahindi, maharage, viazi, migomba, na palipo na maji utakuta kabichi, karoti na nyanya. Ukisimama mahali unapodhani pana upweke, ukanyamaza kidogo, utasikia jembe likigonga jiwe ng'ambo ya bonde, mtoto akiitwa, mtu akipiga chafya. Sauti husafiri sana huku. Mwanamke akipiga ukunga kilima hiki, kilima cha pili wanasimamisha majembe.

Nilipopangiwa kata yangu, somo la kwanza nililopewa halikuhusu mazao. Alinipa mama mmoja mkulima wa viazi, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabla njia haijaingia msitu wa hifadhi upande wa Magamba. Nilikuwa napita zangu haraka, nikampungia mkono kwa mbali. Akaniita.

"Wee bibi shamba! Mbona unapita mlangoni kwangu kama mwizi?"

"Samahani mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

Nikamtajia kitongoji cha ng'ambo ya msitu.

"Kwa nani?"

Nikamtajia.

"Unarudi saa ngapi? Na unarudi kwa njia hii au ile ya juu?"

Mimi nimekulia mjini. Masikioni mwangu huo ulikuwa umbea mtupu, nikamjibu nusunusu. Naye wala hakukasirika, aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo, akatupa kijiwe kimoja pembeni, akasema: "Mwanangu, nikijua unarudi saa kumi, saa kumi na moja nikiwa sijakuona namtuma kijana akufuate. Nisipojua, nitapika, nitakula, nitalala."

Tangu siku hiyo nikajua kwamba kila njia ina nyumba yake ya mwisho, na kwamba wanawake wa huku hawaipiti hivihivi. Ukimwona mama na kamba yake ya kuni anasimama uwanjani kwa mtu, anauliza hali ya mgonjwa, anasifu ndama, usidhani anapoteza muda. Anaacha taarifa. Kesho yake akirudi na kuni kichwani atapitia pale pale aseme "tumerudi", hata kama alikuwa peke yake. Nami nikaanza kuzijua nyumba zangu moja moja. Nyingine ni ya bibi kikongwe asiyeona vizuri, lakini anajua nyayo. Huwa ananiuliza kwa nini leo nachechemea.

Wanaume waungwana nao wana namna yao, ambayo mtu wa kuja anaweza kuishi huku miaka bila kuiona. Nilikuwa kwenye njia inayokata shamba la mikaratusi, mahali penye kona kali. Kabla sijaona mtu nilisikia kikohozi, kile cha kujitangaza. Akatokea mzee na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, panga mkononi. Alilihamishia panga mkono wa upande wa mbali na mimi, ncha ikaelekea nyuma, akasogea upande wa bondeni ambako mtu akiteleza anaporomoka, akaniachia mimi upande wa mlimani. Akanisalimu yeye kwanza, ingawa kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kuanza. Tulipopishana akaongeza kwamba mbele daraja la magogo limeoza gogo la kushoto. Yote hayo hayakufika nusu dakika, na sidhani kama yeye mwenyewe aliyafikiria.

Siku hizi ndivyo ninavyowapima watu wa njiani. Anayekohoa, anayesalimu akiwa bado mbali, anayetaja habari ya mbele, huyo nampita nikiwa na amani. Anayeniuliza "unakwenda wapi" kabla ya salamu namjibu kwamba wenzangu wako nyuma. Na anayesimama katikati ya njia akanisubiri mimi ndiye nichague pa kupita, huyo simpi mgongo.

Nimesema siogopi msitu. Mahali nilipoogopa hasa ni chini, kwenye ukanda wa mkonge, nilikopelekwa kwa muda kushikilia nafasi ya mwenzangu aliyekwenda masomoni. Mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, na mashamba yake bado yana sura ile ile ya kupimwa kwa kamba: mistari iliyonyooka, barabara za shamba zinazokatana, kila kona ikifanana na iliyopita. Hakuna nyumba, wala mahindi ya mtu, wala mtu anayefukuza ndege. Wakataji wakimaliza eneo wanahamia lingine, na pale walipotoka panaweza kukaa miezi bila mguu wa mtu. Juu ya hayo, kila jani la mkonge lina mwiba nchani. Huwezi kukatisha kati ya mistari ukikimbia, utachanika. Umebakiwa na mbele na nyuma tu.

Nyuma yangu siku moja alikuwepo kijana. Nikipunguza mwendo, anapunguza. Niliinama kufunga kamba ya kiatu, akasimama kabisa, akawa anatazama angani. Simu haikuwa na mtandao. Nikaiweka sikioni nikaanza kupaza sauti: "Ee shemeji, nakuona! Subiri hapo hapo kwenye njia panda, nakuja. Uko na nani? Haya, subirini." Nikamsimulia shemeji asiyekuwepo habari za msiba, za ng'ombe aliyezaa, za dawa ya viwavi, mpaka mate yakakauka. Nilipogeuka kijana hakuwepo tena, alikuwa ameingia njia ya pembeni.

Sijui alikuwa na nia gani. Inawezekana alikuwa anakwenda zake, na kusimama kwake kulikuwa kunipisha tu. Kilichonikaa moyoni ni kwamba sikuwa na wa kumwuliza. Kule milimani ningefika nyumba inayofuata nikasema, "Mama, kijana wa shati la kijani ni wa nani?" na ningeambiwa baba yake, babu yake, na deni analodaiwa dukani. Ndani ya mkonge yeye hakuwa wa mtu, na mimi sikuwa wa mtu. (Kuna wanaoogopa vingine kabisa. Akina mama wa uwanda wa Umba, karibu na Hifadhi ya Mkomazi, ukiwauliza habari ya kutembea peke yao watakujibu tembo, hawatataja mwanamume. Nami siwabishii.)

Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchi nzima, nami nikapata. Niliifurahia sana, nisiseme uongo. Kitongoji nilichokuwa nakifikia kwa asubuhi nzima nikawa nakifikia kwa dakika chache, tena viatu vikiwa visafi. Mume wangu akasema sasa atalala usingizi. Na kwa kweli kwenye barabara ya vumbi hakuna wa kunifuata nyumanyuma.

Jioni moja cheni ilikatika. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili, jua limeshaingia nyuma ya mlima, mahali nilipokuwa nimepita mara nyingi mno. Nikaanza kuisukuma. Watoto walikuja kwanza, wakasimama mbali, mmoja akapiga kelele: "Ile pikipiki ya kilimo imekufa!" Halafu akatoka mama na tochi, akanimulika usoni kwa muda mrefu.

"Wewe ni wa nani?"

Nikamweleza mimi ni bibi shamba wao.

"Bibi shamba wetu hana sura," akasema. "Tunasikia mlio tu, tunaona kofia."

Alinisaidia, tena sana. Pikipiki ililala jikoni kwake pamoja na mbuzi, na mtoto wake wa kiume akanisindikiza hadi barabara kubwa. Lakini nilipoifikiria baadaye niliona hesabu ilivyokaa. Miezi yote ile nilikuwa nimepita kwenye nyumba zile bila kumsalimu mtu. Laiti cheni ingekatika nusu kilomita nyuma, penye miti, pasingekuwa na mtu wa kusema "bibi shamba alisema saa kumi". Tangu hapo nazima injini kwenye nyumba ya mwisho, navua kofia, naomba maji hata kama sina kiu.

Mimi angalau nina pikipiki ya ofisi. Bodaboda zimebadilisha njia zenyewe. Wazee wanasimulia kwamba zamani siku ya gulio njia ilijaa kama msafara wa harusi: wanawake wanaanza kushuka usiku bado mkubwa, matenga ya matunda na mboga kichwani, tochi mkononi kwa wa mbele na wa mwisho, wanaume nao wakiwemo humo humo. Leo mwenye hela anapanda bodaboda, mzigo unafungwa nyuma, kwisha. Mwanaume ndiye anayepanda zaidi, maana mara nyingi hela ya mazao iko mfukoni mwake. Njia ya miguu imeachiwa asiye na nauli, yaani mama wa kuni, bibi anayekwenda zahanati, na mwanafunzi. Nyasi zimeota pembeni, vichaka vimeinamia njia, na wale wazee waliokuwa wakikohoa kwenye kona sasa wanapita barabarani wakiwa wamebebwa. Anayesema kijijini ni salama kwa sababu watu wanajuana aje apite njia hizi saa kumi na moja jioni baada ya gulio, walevi wa pombe ya miwa wakiwa wanarudi na mama ana hela ya viazi ndani ya kanga.

Wasichana wa sekondari za kata ndio ninaowaonea huruma zaidi. Shule hizi zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2006, kila kata ya kwake, na hilo ni jema kubwa. Lakini kata ya milimani ni pana, na msichana anaweza kushuka bonde na kupanda jingine kabla ya kengele. Anaondoka giza, anarudi giza linaingia. Mzazi anamwonya habari za msituni. Msichana mwenyewe, ukikaa naye ukamwacha aongee, hakutajii msitu. Anakutajia lifti. Kijana wa bodaboda anampakia bure wiki ya kwanza, mvua inanyesha, begi zito, anashukuru. Wiki ya tatu anakumbushwa kwamba mafuta hayanunuliwi kwa shukrani. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Wavulana wa vijiweni wanaijua hiyo kwa kichwa. Msichana anaijua vilevile, na anajua pia kwamba yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini alipanda.

Katika kata yetu wazazi walichanga wakajenga hosteli. Haina madirisha ya maana, na wali wa maharage unaliwa zamu. Lakini waliolala humo sikusikia mmoja wao akilalamikia baridi.

Sasa nije kwenye lile ambalo wenzangu wa Dar hawaniulizi kamwe. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na 17 kati ya 100 ukatili wa kingono. Aliyetajwa zaidi, kwa waliowahi kuolewa, ni mume au mwenza. Nikijumlisha yale niliyoyasikia mwenyewe barazani kwa watu, aliyemdhuru mwanamke hakuwa amechomoka kichakani. Alikuwa shemeji mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba na mjane. Alikuwa jirani aliyejua mume yuko Tanga mjini kwa kibarua. Mmoja alikuwa mtu wa kuheshimika sana, wa kukaa mbele kwenye vikao.

Hapo ndipo ulinzi wa kujuana unapogeuka. Mgeni akimgusa mwanamke, kijiji kizima kitashika fimbo. Mtu wa kijiji akimgusa, yanaanza mazungumzo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inasema mbakaji afungwe si chini ya miaka 30. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Lakini kutoka kitongojini hadi kwenye dawati kuna mwenyekiti wa kitongoji, kuna mtendaji, kuna wajomba, kuna nauli, na kila mmoja hapo katikati anauliza kama jambo hili haliwezi kumalizwa nyumbani. Mara nyingi linamalizwa nyumbani. Mbuzi anatolewa, watu wanakula, na mwanamke anaendelea kupita mlangoni kwa yule mtu akienda kisimani, kwa sababu kisima ni kimoja.

Macho hayo hayo yanayonilinda yananihesabia pia. Kabla sijaolewa mvua ilinikuta kwa mkulima mmoja mwanaume, nikakaa barazani kwake mpaka iishe. Nilipofika ofisini, mtendaji alikuwa ameshaambiwa, tena kwa nyongeza ya chai na mandazi ambayo sikuyanywa wala kuyala. Mwanamke wa huku anatembea akiwa na sababu mkononi: jembe, ndoo, kikapu, mtoto mgongoni. Asiye na kitu anatafutiwa sababu na watu. Mimi hata siku ya mapumziko nikitaka kunyoosha miguu tu nabeba daftari la ofisi. Wageni wa kizungu wanaokwenda Irente kutazama uwanda wa chini wanatembea mikono mitupu, na kuna siku mama mmoja aliniuliza kwa huruma ya kweli kuhusu binti aliyepita na chupa ya maji peke yake: "Huyu hana kwao? Amepoteza nini?" Nikamwambia anatembea tu. Hakuniamini. Lakini alimtuma mjukuu wake amfuate kwa mbali mpaka afike.

Mwaka jana tuliletewa afisa mpya, binti mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Siku ya kwanza aliniuliza kama anunue ile dawa ya kupuliza machoni. Nikamwambia anunue akipenda, ila kwanza tutembee. Pikipiki tukaiacha. Tulipita nyumba za mwisho zote, nikamtambulisha kwa jina la baba yake na la kwao, akakalia vigoda, akala viazi vya kuchemsha mpaka akaniomba tupumzike. Bibi asiyeona alimshika mkono, akamwambia atembee uwanjani huku na huku, ili amsikie.

Nyumba moja tuliipita bila kusimama. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia hapo tunasalimu kutoka njiani, hatuingii. Akang'ang'ania kujua, nikamweleza kilichotokea, na mbuzi aliyetolewa. Akasimama.

"Hajashtakiwa?"

"Hajashtakiwa."

"Na mbolea ya ruzuku tunamwandikisha?"

Nikamwambia ndiyo, yumo daftarini kama mkulima mwingine, nami sina mamlaka ya kumfuta. Ila fomu zake anasainia ofisini kwa mtendaji, mchana, watu wakiwepo. Na shamba lake tunalikagua tukiwa wawili.